Bustani Aliyoikata Mama

Jirani yetu alianguka kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake mwanzoni mwa Oktoba, akavunjika nyonga. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, aliyeendesha basi la shule karibu maisha yake yote ya kazi, na viganja vyake vilikuwa vipana, vya mtu aliyezoea usukani mkubwa. Mama ndiye aliyemsikia. Alikuwa akichuma majani ya mwisho ya lengalenga, mchicha wa kwetu, kando ya uzio wetu, akasikia sauti kama ya mtu anayeita paka, akapenya pale uzio ulipolegea na kumkuta amelala ubavu juu ya majani makavu. Alinipigia simu kazini. Mimi ndiye niliyeita gari la wagonjwa, na mpaka lilipofika, Mama alikaa chini amempakata kichwa yule bibi, akimsemesha kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake wakati huo kilikuwa salamu na asante tu.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili pale Oakdale. Tulipanga nyumba ndogo ya mbao, mimi na yeye peke yetu. Mama alikuwa mkulima kule Fizi, Kongo, kabla ya vita, akawa mkulima tena kambini Tanzania kwenye kipande cha ardhi kinachotosha mkeka, na tulipofika Minnesota swali lake la kwanza kwa mtu aliyetupokea uwanja wa ndege lilikuwa watu wa huku hupanda mahindi lini. Ilikuwa Januari. Yule mtu alitazama nje kwenye theluji, akaniambia nimwambie asubiri kidogo.

Yeye na jirani walijuana kwa mboga. Lengalenga ilivuka uzio kwenda, nyanya zikavuka kurudi, na siku moja ikaja chupa ya asali ambayo Mama aliiweka juu ya kabati kama saa ya mezani, akikataa kuifungua. Lakini bustani ya yule bibi ilimshangaza. Haikuwa na chakula isipokuwa nyanya chache kwenye ndoo. Kwingine kote ni maua na majani marefu, na ilipofika Oktoba vyote vilikuwa vimekauka vikasimama hivyo hivyo, mabua ya kahawia yenye vichwa vyeusi vya mbegu, mengine yamelaliana kama watu waliochoka kungoja basi. Mama aliamini mwenyewe amezidiwa na uzee. Alisema kwao mwanamke akiugua, wenzake huingia shambani kwake na kulisafisha, ili akiinuka asianze na aibu.

Ilimchukua siku mbili. Mimi nilikuwa kazini, jikoni kwenye shule moja ya msingi, nikiosha masufuria na kupakua chakula cha watoto, kwa hiyo sikumwona akifanya. Niliporudi siku ya pili nilikuta ardhi ya jirani imebaki nyeusi na laini, imechanwa kwa reki mpaka ina mistari. Alikuwa amekata kila kitu. Maua makavu, alizeti, majani yaliyonipita urefu, hata kile kichaka chenye matawi mekundu chini ya dirisha la jikoni alikikata kikabaki na visiki vya kimo cha kifundo cha mguu. Mifuko ya karatasi ya takataka za bustani ilipangwa kando ya barabara, kumi na moja, na kesho yake gari likaichukua. Nilijivunia mama yangu. Nilimpiga picha akiwa ameegemea reki, na Jumapili tulipokwenda kanisani Brooklyn Center aliwaonyesha akina mama wote ile picha.

Jirani alirudi katikati ya Novemba, akitembea kwa kigari cha kushikilia. Binti yake, anayeishi jimbo la mbali, alimletea kitanda chini ili asipande ngazi, akajaza friji, akaondoka. Siku iliyofuata tulimpelekea supu ya kuku.

Alitufungulia mlango, akamshika Mama mkono na kutouachia kwa muda mrefu. Kisha akatupeleka jikoni. Kulikuwa na meza ndogo imesogezwa hadi dirishani, kiti kimoja, darubini ya mkononi juu ya daftari. Alisimama akatazama nje, ametupa mgongo.

"Ni yeye aliyekata?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo, alitaka kukusaidia ulipokuwa hospitali. Nilisikia friji ikinguruma. Halafu akaanza kunieleza, polepole, bila kugeuka. Alisema kiangazi ni cha kila mtu, hata mtu asiyejali anaweza kuwa na maua mwezi wa Julai. Yeye bustani yake aliipanda kwa ajili ya majira ya baridi. Kila bua lilikuwa na kazi yake. Vile vichwa vyeusi ni chakula cha ndege wasiohama. Yale majani marefu hushika theluji na kuinama nayo, na ndani yake sungura na ndege hujificha upepo. Ndani ya mabua yenyewe hulala nyuki wadogo mpaka Mei. Na kile kichaka chekundu mumewe alikipanda chini ya dirisha mwaka waliohamia, ili wawe na rangi moja ya kutazama dunia ikiwa nyeupe. Kuanzia Novemba mpaka Aprili alikaa pale na kahawa yake, na mwaka huu, kwa nyonga ile, alikuwa amepanga kukaa pale tu.

"Sijui nitatazama nini," alisema.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, sufuria ya supu mapajani, ananitazama mdomo. Aliuliza anasema nini.

Nikamwambia anashukuru sana. Anasema hajui atakulipa nini.

Mama alitabasamu, akaweka mkono kifuani. "Mwambie ni kitu kidogo," alisema. "Mwambie mwakani nitalima tena."

Yule bibi aligeuka akaona tabasamu lile, na nadhani alielewa nilichokifanya. Hakunisaliti. Aliomba kijiko, akaionja supu palepale.

Theluji ya kwanza ya kukaa ilishuka wiki moja baadaye. Ilianza mchana nikiwa natoka kazini, vipande vikubwa vinavyoshuka bila haraka, na nilipofika nyumbani mtaa wote ulikuwa umenyamaza, magari yanapita kama yamevaa soksi. Shule ikifungwa saa tisa, mimi hubakiwa na muda wa kama saa moja na nusu ya mwanga. Miezi ile mwanga wa mwisho hugeuka samawati, theluji nayo inageuka samawati, na mtu akisimama nje anajisikia yuko ndani ya chombo cha kioo. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake kilichochomoza: msonobari, kichaka chenye vitunda, mti wa gome jeupe linalobanduka. Uwanja wa jirani yetu tu, ukiacha mti mmoja wa tufaha pembeni, ulikuwa mtupu, kama karatasi ambayo hakuna aliyeiandika. Hata nyayo za sungura zilipita pembeni.

Pazia la dirisha lake la jikoni lilikuwa limefungwa. Mama aliliona kabla yangu. Asubuhi liko hivyo, jioni liko hivyo. Aliniuliza kama bibi anaumwa. Nilisema labda anazuia baridi. Akaniuliza tena siku ya tatu, na ya tano. Kanisani akasimulia tena habari ya shamba alilolisafisha, mwanamke mmoja akamsifu, na mimi nikajikuta nimetoka nje kusimama kwenye uwanja wa magari, bila koti.

Nilimwambia siku hiyohiyo, tukiwa garini barabara kuu, kwa sababu nikiendesha nisingelazimika kumtazama. Nilimweleza yote, mabua na nyuki na kichaka cha marehemu mume. Hakunikatiza. Tulipita daraja la mto, maji chini yameshaganda pembeni na katikati meusi. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema.

"Mimi kukata, sikujua. Lakini wewe ulinifanya nicheke mbele ya mwenzangu aliyekuwa anafiwa."

Nilimwomba msamaha. Alisema nisimwombe yeye.

Asubuhi yake ilikuwa likizo. Mama alivaa buti, akafunga kitenge juu ya koti, akaingia garajini. Alitoka na mzigo wa mabua begani. Kumbe alipokuwa akikata, mkono wake wa mkulima haukuweza kutupa yale yaliyonyooka. Alikuwa amechagua mazuri na kuyafunga matita sita kwa kamba, ya kuegemezea maharage mwakani. Nilimfuata. Alipiga hodi kwa jirani, na mlango ulipofunguka alisimama pale na tita lake, akasema neno la Kiingereza alilolifanyia mazoezi jikoni tangu alfajiri. "Sori." Akalirudia. Machozi yalikuwa yakimtoka na baridi ikiyashika mashavuni.

Mimi nami nikasema langu. Nilimwambia bibi kwamba siku ile sikutafsiri, na kwamba Mama amejua jana tu. Alisema alikuwa ameshaona. Kisha akawa hanisikilizi tena. Alikuwa akitazama mabua.

Alichagua moja lililovunjika juu, akaketi kwenye kibenchi cha ukumbini, akalipasua taratibu kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani ya uti mweupe wa bua kulikuwa na kijumba, na ndani ya kijumba nyuki mweusi asiyezidi punje ya mchele, miguu imekunjwa, mabawa yamelala, anang'aa kidogo kama kokoto iliyolowa. Mama aliinama mpaka pumzi yake ikamfikia. Yule bibi akamsogeza nyuma kwa mkono, kwa upole, asije akamwamsha kwa joto. Kisha akalifunga bua kwa utepe wa kunata wa mafundi rangi, mara mbili, akanipa nilirudishe garajini kwenye baridi.

Mama alisema kwa sauti ndogo, bila kumwambia yeyote, kwamba yumo mzima.

Ardhi ilikuwa imeshakuwa jiwe, huwezi kuchomeka hata msumari. Mama alipata njia yake. Tulirundika theluji kwa koleo pale maua yalipokuwa, akachomeka mabua moja moja ndani yake, akawa anamwagia maji ya birika kuzunguka shina. Baada ya nusu saa maji yalishika kama saruji. Bibi alikuwa dirishani, pazia limefunguliwa, akituelekeza kwa kidole: kushoto, nyuma kidogo, yale marefu pale. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelima kwa Kiingereza miaka yote.

Mabua yale mengi hayakuwa na mbegu. Kwa hiyo Jumapili Mama alisimama mbele ya wanawake walewale akasimulia upya, safari hii mpaka mwisho wake. Wenye vishamba vya mahindi na alizeti walitupatia walichonacho, na tulirudi na gari limejaa vichwa vya alizeti, vikubwa kama sahani, na magunzi yaliyobakiwa na punje. Akavifunga kwenye mabua. Kisha akashusha lengalenga yake iliyokuwa ikining'inia jikoni kwetu, mashuke mekundu aliyoyahifadhi kwa mbegu ya mwakani. Niliona akiyagawa kwa macho, nusu ya kupanda, nusu ya kutoa. Mwishoni aliacha shuke moja tu kwetu.

Siku mbili hakuja ndege hata mmoja. Siku ya tatu, bibi alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema tu, wamekuja. Nilipofika nilikuta Mama ameshaketi kule jikoni kwenye kiti cha pili. Nje kulikuwa na vindege vya kijivu vyenye tumbo jeupe, labda ishirini, vikiruka na kukanyaga mashuke ya lengalenga ili mbegu zimwagike juu ya theluji, mbegu ndogo kama vumbi la pilipili manga, na kuziokota. Chiriku wawili, manjano yao imefifia ikawa rangi ya uji, walining'inia kichwa chini kwenye alizeti. Na ndege mdogo mwenye kofia nyeusi alichukua mbegu moja, akaenda nayo mbali, akarudi, akachukua moja.

Tangu hapo Mama alikuwa akienda kila siku. Nikirudi kutoka kazini nawakuta, vikombe viwili mezani, mwanga unaelekea kuwa samawati, na wao wamenyamaza. Sikuwa na kazi ya kutafsiri. Bibi alikuwa akitaja jina la ndege, Mama analirudia, kisha Mama anataja lake. Kigogota alikuwa kigogota kwa wote wawili, kwa sababu bibi alilipenda neno lile na akaacha kutumia la kwake. Siku ndege mwekundu mwenye kishungi alipotua juu ya theluji, bibi alisema kardinali, na Mama akashika mdomo. Neno lile alilijua kwa Kifaransa, kutoka redioni. Aliniomba nimweleze bibi kwamba Kongo pia wako makardinali, wale wa kanisa, wanavaa hivyohivyo, ila hawali alizeti. Bibi alicheka mpaka akashika nyonga yake.

Januari baridi ilizidi. Kulikuwa na asubuhi ambazo hewa yenyewe ilimetameta, chembe ndogo za barafu zikielea juani bila kuanguka wala kupanda, na moshi wa kila nyumba umesimama wima. Nilikuwa na mazoea ya kuzichukia siku hizo. Sasa nilikuta nikiamka nazo kwa hamu. Nilianza kuona kwamba theluji ina rangi nyingi, kwamba kivuli cha bua moja juu yake ni kirefu na cha zambarau, na kwamba ukikaa kimya vya kutosha utasikia ganda la mbegu likianguka. Kwenye kambi nilikua nikingoja, siku zote tulikuwa tunangoja orodha, jina, safari. Kule dirishani hakuna kilichongojewa. Kindi alikuja akaiba gunzi zima, akapita nalo juu ya uzio kama mtu aliyebeba godoro, tukamtazama mpaka akapotea.

Mwezi wa Februari, mti wa tufaha ndogo za pori, ule ambao Mama hakuufikia kwa panga, ulijaa ndege ndani ya dakika moja. Hatukuwaona wakija. Walikuwa rangi ya kahawia laini kama ngozi ya mtoto, na ncha ya kila mkia ilikuwa na manjano kana kwamba umechovywa. Matunda yalikuwa yameganda na kuyeyuka mara nyingi mpaka yamechacha. Walikula wakasinzia. Mmoja aliteleza kwenye tawi akakaa juu ya theluji, mdomo wazi kidogo, anashangaa. Mama aliuliza kama ameumia. Bibi akafanya ishara ya mtu anayeinua glasi. Mama akamtazama yule ndege kwa huruma ya mtu wa kanisa, akasema atamwombea.

Masika yalipofika bibi alikuwa anatembea kwa fimbo. Mabua tuliyaegemeza kwenye ukuta unaopata jua, na lile lenye utepe nalo likiwa humo, ingawa sikupata kuona nyuki gani ametoka bua gani. Niliona tu, siku moja ya Mei, vijinyuki vyeusi vikizunguka maua ya mwanzo. Kichaka kilichokatwa kiliota upya kutoka kwenye visiki, vijiti vyembamba vingi. Majani yalipopukutika mwaka ule, vijiti vilikuwa vyekundu kuliko alivyowahi kuviona, ndivyo bibi alivyosema. Matawi machanga ndiyo huwa mekundu hivyo. Mumewe alikuwa akimwambia wakikate kila baada ya miaka michache, naye hakuwa na moyo wa kukikata tangu amzike. Alimshika Mama bega aliposema hayo, na hiyo nilitafsiri neno kwa neno.

Majira ya baridi ya pili nilikuwa nyumbani siku moja, shule imefungwa kwa sababu ya theluji. Ilikuwa kama saa sita mchana, bado inaanguka. Mama alikuwa amesimama kwenye dirisha letu la jikoni, simu sikioni, haongei. Nilidhani mtu amemweka asubiri. Nilimuuliza ni nani, akaninyooshea kidole nje.

Mbweha alikuwa akikatiza kutoka nyuma ya nyumba ya bibi, mwekundu, mkia mzito, akitua miguu yake polepole katikati ya mabua yaliyobebeshwa theluji. Alisimama akasikiliza kitu chini ya ardhi. Niliangalia ng'ambo, na katika dirisha la pili bibi naye alikuwa amesimama, simu sikioni. Ndani ya simu ya Mama nilisikia pumzi tu. Mbweha alipita pale uzio ulipolegea, akaingia kwetu, akavuka, akatoka upande wa barabara, na nyayo zake zikaanza kujaa.

"Aksanti," Mama alisema kwenye simu, akakata.